Je, wajua kwa nini wembe huihepa rula ukikata balsa?

"Mjomba, rula imesonga!" Mpwa wangu alilalamika hivyo Jumamosi moja tukiwa mezani kwetu Umoja, Nairobi, tukikata fito za balsa, mbao nyepesi sana, za kuundia ndege ndogo. Ufito aliokuwa ameukata ulianza na upana wa milimita 1 ukaishia na karibu 2. Rula haikuwa imesonga. Nilikuwa nimeikandamiza kwa kiganja changu mwenyewe. Kilichohama ni wembe, na aliyeuhamisha ni mti.

Balsa huota katika nchi za joto za Amerika, na nyingi inayouzwa duniani hutoka Ekuador. Jina lake ni la Kihispania, maana yake chelezo. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina takriban kilo 160, lakini wanaounda ndege za kurushwa ndani ya ukumbi, zile zinazoendeshwa na mpira uliosokotwa, huchagua yenye kilo 60 hadi 100. Fundi wa soko la Gikomba aliyezoea saipresi akiishika atadhani umempa kipande cha boksi.

Sasa, wepesi huo ndio unaoleta taabu. Ndani ya balsa kuna nyuzi zilizolala kwa urefu wa mti, na kati ya uzi na uzi kuna nyama laini iliyojaa hewa. Wembe, kama maji, hupita penye ulaini. Kupasua kati ya nyuzi mbili ni rahisi kuliko kukata uzi wenyewe, kwa hiyo ncha ikishaingia kwenye mfereji huo inaufuata. Nyuzi zikienda sambamba na rula, hutagundua lolote. Zikiwa zimeinama hata kidogo, wembe unazifuata, na kadiri unavyokandamiza ndivyo unavyozidi kuzitii.

Dawa yake ni ya kushangaza kwa urahisi: lipindue bamba la balsa. Tazama nyuzi zinaelekea wapi ukivuta wembe kuja kwako. Zikielekea nje, zitauvuta wembe utoke kwenye rula. Geuza mwisho wa bamba uwe mwanzo? Haisaidii, mwinamo unabaki uleule. Lipindue chini-juu, na sasa nyuzi zitausukuma wembe dhidi ya chuma, ambako hauna pa kwenda.

Halafu kuna unene wa wembe. Kisu cha kukatia makaratasi ni kabari: kinapoingia kinasukuma mbao pande zote mbili, na ufito mwembamba ukisukumwa hupinda. Wembe wa kunyolea wenye makali pande mbili una unene wa milimita 0.1 tu. Nunua mpya, pita mara tatu au nne, na mara ya kwanza iwe ya kuchora tu. Haraka hapa ni hasara.

Usipime upya kwa kila ufito, maana kila kipimo huja na kosa lake. Pigilia ubao wa kizuizi mezani kwa misumari, kisha funga rula sambamba nao, ikiwa imeinuliwa kiasi cha bamba kupita chini yake. Pengo kati ya rula na kizuizi lipime kwa biti mbili za drili za milimita 1, moja kila mwisho. Sukuma bamba hadi ligonge kizuizi, kata, toa ufito, sukuma tena. Rula haiguswi.

Kwani milimita 0.1 ni nini? Ni nyingi mno. Ugumu wa ufito dhidi ya kupinda hufuata kimo chake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe, mara tatu: 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.73. Ufito uliotakiwa kuwa na kimo cha milimita 1 ukitoka 0.9, umepoteza zaidi ya robo ya ugumu wake. Na katika F1D, daraja la kimataifa la mashindano ya ndege hizi za ukumbini, ndege yenye mabawa ya hadi milimita 550 inaruhusiwa kushuka hadi gramu 1.4 bila mpira, na kila mshindani huulenga uzito huo wa chini kabisa. Hapo hakuna pa kuficha uzito.

Sisi wa Nairobi tuna deni la ziada. Tuko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Ndege ileile lazima iende kasi zaidi, kama asilimia 10 hivi, ndipo ielee, na mpira unaisha mapema.

Kuhusu kupima uzito, ufito wa milimita 1 kwa 1, urefu wa sentimita 30, una kama gramu 0.024. Mizani ndogo inayosoma hadi 0.01 haiwezi kukupa jibu la maana kwa ufito mmoja. Sisi tunaweka kumi pamoja, tunagawanya kwa kumi, na ule wa mpwa wangu wa kwanza tunautumia kukorogea gundi.