Selekta ikisomwa nusu

Jioni, barazani Wete. "Mwanangu, hebu kaniitie yule mwenye kanzu na kofia." Mtoto huyo, mbio, na sikioni limebaki neno la mwisho tu: kofia. Anarudi na wazee saba, wawili wao wamevaa vikoi na fulana.

Kwenye CSS, lugha inayoipa tovuti rangi na mpangilio, selekta ndiyo hayo maneno ya kuita: hukiambia kivinjari sheria hii imshike nani. Nukta hutangulia jina la klasi, yaani kundi. Ukiandika .kanzu.kofia bila ya nafasi, unamtaka mwenye vyote viwili. Ukiacha nafasi katikati, maana inageuka: sasa unatafuta kofia iliyo ndani ya kanzu.

Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa yule mtoto. Klasi zikiunganishwa, ilishika ya mwisho tu. Tuseme una ukurasa wa duka la viungo Darajani, unataka karafuu zilizopunguzwa bei ziandikwe kwa wekundu: .karafuu.punguzo. Basi mdalasini ukiwa na punguzo, mwekundu, iliki, nyekundu. Ujumbe wa kosa hakuna, na ulichoandika ni sahihi. Utalitafuta kosa lako mpaka adhana ya alfajiri na usilione, maana si lako. Toleo la 7, mwaka 2006, ndilo lililorekebisha.

Hapa wengi huchanganya. Toleo hilo la 6 halikuijua pia alama ya >, inayoita kilicho ndani ya kingine moja kwa moja: mtoto, si mjukuu. Lakini hiyo si kusoma vibaya. Kanuni za CSS zenyewe zinataka selekta isiyofahamika itupwe pamoja na sheria yake nzima; hata ukiziandika tatu kwa mikato, moja ikikataa, zote zinakwenda na maji. Ni ukali, lakini mimi naupenda kuliko mtu kujifanya kasikia.

Mafundi nao hawakukaa bure. Waliandika * html, yaani "html iliyo ndani ya chochote". Html ndiyo mzizi wa ukurasa, haina kitu juu yake, kwa hiyo kivinjari kinachosoma sawasawa hakimpati mtu. Toleo la 6 lilimpata! Basi marekebisho yote ya kulibembeleza yakapachikwa humo, vivinjari vingine vikipita bila ya habari. Toleo la 7 likaliziba na tundu hilo, na kasoro zake lenyewe ikabidi zitafutiwe mlango mwengine.