Umegonga kichwa na unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Usilale kwanza

Dawa hizi zinafanya nini?
Zinachelewesha damu kuganda. Wengi huziita za kulainisha damu, ila uzito wa damu haubadiliki. Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza protini za kugandisha damu. Rivaroksabani na apiksabani hubana moja ya protini hizo.

Nimeanguka nikagonga kichwa. Sina jeraha, siumwi. Nisubiri kesho?
Hapana. Nenda sasa, tena hospitali yenye picha ya CT (kipimo kinachoonyesha ndani ya kichwa). Mshipa mdogo ukipasuka ndani ya fuvu, damu huchuruzika polepole: mtu anaongea vizuri jioni, anakula, analala, asubuhi haamshiki. Kukosa jeraha hakuthibitishi chochote.

Saa sita zimepita na niko sawa.
Bado nenda. Damu inaweza kujikusanya kwa siku, hata wiki. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mkono kulegea: ukiziona hizo umeshachelewa. Si dalili za kuzisubiri ndipo utoke nyumbani.

Ninywe dawa ya maumivu?
Parasetamoli, kwa dozi ya kawaida. Diklofenaki, ibuprofeni au aspirini ya kujinunulia, hapana. Zinadhoofisha chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha) na kuchubua tumbo. Na ile sindano ya takoni ambayo watu huiomba wenyewe inaweza kuacha donge la damu ndani ya msuli. Mwambie anayekuchoma kabla hajavuta dawa kwenye bomba.

Nikijikata?
Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 za saa, bila kuchungulia. Kila ukifunua unabandua utando ulioanza kushika. Damu ikilowesha, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza, uende hospitali huku unakandamiza.

Basi niache dawa?
Usiamue peke yako. Warfarini hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kuruka kidonge cha leo hakuzuii damu inayovuja leo, ila mwenye vali bandia ya moyo akiacha anaweza kupata kiharusi. Daktari ndiye ataamua, na kwa warfarini ana vitamini K na plazma (sehemu ya majimaji ya damu) ya kurekebisha. Beba pakiti ya dawa na kadi ya INR, kipimo cha damu kuganda kwa wanaotumia warfarini (kwa wengi lengo ni 2 hadi 3). Ukifika mapokezi taja jina la dawa na saa uliyoinywa mwisho, usingoje kuulizwa.

Na kama nimejigonga kidogo tu, kwenye mlango wa kabati?
Kichwa ni kichwa. Rudi jibu la pili.