Je, wajua kwa nini watumiaji wa Linux huhamishia kache ya kivinjari kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inayofutika ikizimwa?

Kila unapofungua ukurasa, kivinjari kama Firefox au Chromium hakiishii kukuonyesha tu. Picha, fonti na skripti zilizokuja na ukurasa huo huandikwa pia kwenye diski, ili siku ukirudi zisishushwe upya kutoka intaneti. Hiyo ndiyo kache. Kwenye Linux hukaa ndani ya folda iliyofichwa iitwayo ~/.cache, na ya Firefox peke yake inaweza kukua hadi kukaribia GB 1.

Wengi wanaoihamishia kwenye RAM wanafuata kasi. Hapo ndipo wanapokosea kidogo, maana Linux ilishawafanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kuombwa. Faili lolote likishasomwa, nakala yake hubaki kwenye RAM iliyo wazi, kama mwenye duka anayeacha gunia la unga karibu na mizani badala ya kulirudisha stoo kila mteja akiondoka. Andika free -h kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, utazame safu ya buff/cache: hizo ni nakala zinazosubiri kuulizwa tena. Kwa hiyo mwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, asitegemee maajabu. Mwenye diski ya kuzunguka ataona nafuu, kwa sababu kichwa cha diski hiyo hutumia milisekunde kadhaa kulifikia kila faili dogo, na kache ni maelfu ya mafaili madogo.

Faida ya kweli iko kwenye kuandika. Data mpya haiwezi kukaa kwenye RAM milele. Kwa mipangilio ya kawaida, ikishatimiza sekunde kama 30 Linux huipeleka diskini. Seli za SSD, na zaidi zile za kadi ya SD inayoendesha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, zina idadi maalumu ya kufutwa na kuandikwa upya kabla hazijachoka. SSD nzuri haitakufa kwa sababu ya kivinjari. Kadi ya SD ya bei poa ni habari nyingine.

Njia ya kwanza ni ya ndani ya Firefox. Andika about:config kwenye sehemu ya anwani, kisha weka browser.cache.disk.enable iwe false. Usiishie hapo, kwani kache ya RAM ikiachwa ijipangie yenyewe haizidi MB 32 hata kompyuta ikiwa na GB 8. Ipandishe kwenye browser.cache.memory.capacity, namba inayotakiwa ni ya kilobaiti, hivyo 524288 ni MB 512. Ukifungua about:cache utaona kiasi kilichotumika na kikomo chake. Kasoro ni kwamba ukifunga Firefox, kache yote inakwenda nayo.

Njia ya pili ni tmpfs, mfumo wa mafaili unaoishi ndani ya RAM. Unaongeza mstari mmoja kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Linux mifumo ya mafaili ya kuunganisha inapowaka:

tmpfs /home/juma/.cache/mozilla tmpfs size=512M,uid=1000,gid=1000,mode=0700 0 0

Weka jina lako mahali pa juma, na uhakiki namba zako za mtumiaji na kundi (uid na gid) kwa amri ya id. Hapa kache hubaki hadi kompyuta izimwe, hata ukifunga kivinjari mara kumi. Tena ile 512M ni kikomo tu, haitengwi mapema: folda ikiwa tupu, RAM yako iko huru. Usipoandika kikomo, tmpfs hujiruhusu hadi nusu ya RAM, jambo la hatari kwenye laptopu ya GB 4. Chromium haihitaji hata mstari huo ikiwa /tmp yako, folda ya mafaili ya muda, tayari ni tmpfs, kama ilivyo kwenye aina za Linux ziitwazo Fedora, tangu toleo la 18, na Debian, tangu la 13; iwashe na --disk-cache-dir=/tmp/kache.

Sasa gharama. Kompyuta ikizimwa, au umeme ukikatika, kesho asubuhi kila kitu kinashushwa upya. Mwenye faiba ya mwezi hatahisi. Anayenunua bando la MB kadhaa kwa siku atalihisi mfukoni, na kwake yeye kache ya diski ni akiba ya fedha. Mimi ningemshauri aiache ilipo.

Na kama nia ni kuipumzisha diski, kache si mwandishi pekee. Kila sekunde 15, ukiwa unavinjari, Firefox huhifadhi orodha ya tabo ulizofungua ili izirejeshe ikizimika ghafla. Faili hilo liko kwenye wasifu wako, nje ya ~/.cache, kwa hiyo tmpfs ile hailigusi. Muda huo hubadilishwa kwenye browser.sessionstore.interval, kwa milisekunde: ukiandika 60000, itahifadhi mara moja kwa dakika, nawe utakuwa umekubali kupoteza tabo za dakika ya mwisho umeme ukikatika.