Mtoto wa paka asiye na mama: dhana potofu na ukweli kuhusu kumlisha kwa mkono

Mtoto wa paka aliyepoteza mama kabla ya kufumbua macho anaweza kulelewa na binadamu akakua vizuri. Wengi hufa, na sababu kubwa si njaa. Hufa kwa baridi, kwa maziwa yasiyowafaa, au kwa maziwa yaliyoingia mapafuni, na mara nyingi mlezi alikuwa anajitahidi kwa huruma yote. Ndiyo maana inafaa kuzipitia dhana hizi moja baada ya nyingine kabla hujashika chupa.

Dhana: "Yuko peke yake, basi mama amemtupa. Na ukishamgusa, mama hatamtaka tena."

Paka huhamisha watoto wake mmoja mmoja kwa mdomo, na huenda kutafuta chakula kwa saa kadhaa. Watoto waliolala kwa utulivu, wasafi na wenye tumbo lililojaa, wana mama. Kaa mbali usubiri, maana ukisimama karibu mama hatakuja. Wanaohitaji msaada ni walio baridi, wachafu, wanaolia mfululizo, au waliozungukwa na siafu. Harufu ya mkono wako haimfanyi mama amkatae. Ukigundua umemchukua mapema mno, mrudishe ulipomtoa.

Dhana: "Analia, ana njaa. Mpe maziwa kwanza."

Hili ndilo kosa linaloua zaidi. Katika wiki ya kwanza mtoto wa paka hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto. Joto la kawaida la mwili wake siku hizo ni nyuzi 35 hadi 37. Likishuka chini ya 35 utumbo hulegea na kuacha kufanya kazi, hivyo maziwa utakayompa yatakaa tumboni yakichacha, tumbo litavimba, na mengine yatapanda kooni na kuingia mapafuni. Kwa hiyo joto hutangulia, maziwa hufuata.

Mshike mdomoni na nyayoni. Ukihisi ubaridi, mfunge kwenye kitambaa kikavu umweke kifuani mwako, au jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, uizungushie khanga mara mbili tatu na kumlaza pembeni yake. Asiiguse chupa yenyewe, ngozi yake huungua upesi. Mpashe polepole, kwa muda wa saa moja hadi mbili. Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha: paka ncha yake vaselini, uiingize kidogo sana njia ya haja kubwa.

Akishapata joto, lilinde. Wiki ya kwanza sehemu anayolala iwe na nyuzi 30 hadi 32, kisha punguza taratibu hadi kama 24 afikapo mwezi mmoja. Tumia boksi la kadibodi, chanzo cha joto kikae upande mmoja tu, ili akizidiwa aweze kujisogeza. Mwenye kuishi Njombe au Limuru hahitaji kukumbushwa kuhusu baridi, ila hata Dar es Salaam na Mombasa feni au kiyoyozi cha usiku kinatosha kumuua. Chupa ya maji hupoa, na ikishapoa inamnyonya joto badala ya kumpa. Ibadilishe kila unapomlisha.

Dhana: "Maziwa ya ng'ombe yanafaa, mradi uyazimue kwa maji."

Kuyatia maji kunazidisha tatizo. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta mengi pia. Ukizimua, mtoto anashiba maji. Zaidi ya hayo, laktosi (sukari ya maziwa) iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, karibu 5%, humwendesha tumbo, na mtoto wa gramu 100 anayeharisha anaweza kukauka maji na kufa ndani ya siku moja. Tena hayana ya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, na bila taurini macho na moyo wa paka huharibika. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu hayana tofauti kubwa, kwa kuwa yametengenezwa kwa kiumbe anayekua polepole. Uji ndio usimpe kabisa: utumbo wa umri huo hauwezi wanga.

Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Katika miji mikubwa huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya paka na mbwa, na kwenye kliniki za mifugo. Fuata kipimo cha kopo bila kuongeza wala kupunguza: yakiwa mazito mno humfunga choo na kumkausha maji. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo. Yaliyokorogwa yakae friji, yasizidi saa 24, na yaliyobaki kwenye chupa baada ya kulisha yamwagwe.

Kama ni usiku na maduka yamefungwa, kuna njia ya kumvusha siku moja au mbili: robo lita ya maziwa ya mbuzi yenye mafuta yake yote, yaliyochemshwa, na viini viwili vya mayai bila ute. Koroga viini ndani ya maziwa yakiwa bado moto, chuja, pooza. Maziwa ya mbuzi nayo yana laktosi, kwa hiyo usiyafanye chakula cha wiki nzima.

Dhana: "Mlaze chali mkononi, kama mtoto mchanga."

Usifanye hivyo hata mara moja. Mtoto wa paka hunyonya akiwa amelala kifudifudi, kichwa kikiwa juu kidogo, miguu ya mbele ikikanda. Chali, maziwa hufuata njia ya hewa, anapaliwa, na baada ya siku moja mbili anapata nimonia.

Kabla ya kumlisha, mwingizie ncha ya kidole kisafi mdomoni. Akinyonya, endelea. Asiponyonya, bado ni baridi au ni mgonjwa, na kumlazimisha ni kumzamisha. Mlaze kifudifudi juu ya taulo. Pasha maziwa ndani ya kikombe cha maji ya moto hadi yafike kama nyuzi 38, ujaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono: lisikuchome wala lisikupoze. Tundu la chuchu ya chupa liwe dogo. Ukiipindua, maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakitiririka, tundu ni kubwa, chuchu hiyo itupe. Kwa walio wadogo sana sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano ni salama zaidi, kwani unaona kila unachompa. Iweke pembeni mwa mdomo, toa tone, ngoja ameze, toa lingine. Usisukume kwa nguvu hata kama una haraka.

Maziwa yakitoka puani, acha mara moja, mwinamishe kichwa chini kidogo, mpanguse, umwache apumue. Kwa siku mbili zinazofuata sikiliza pumzi zake. Akipumua kwa kasi, akitoa mlio kifuani au akikataa kunyonya, huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Dhana: "Mwache ale mpaka aache mwenyewe."

Wapo wanaojua kuacha, na wapo wasiojua. Tegemea mizani ya jikoni inayopima gramu. Kwa siku nzima, kila gramu 100 za uzito huhitaji takribani mililita 18 hadi 20 za maziwa yaliyokorogwa sawasawa, na kwa mlo mmoja tumbo lake hubeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100. Mtoto wa gramu 150 kwa mfano apate karibu mililita 30 kwa siku, asizidishiwe 6 kwa mara moja: hiyo ni milo mitano au sita. Mchanga wa siku chache, mwenye gramu 100, mpe mililita 2 hadi 2.5 kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Wiki ya pili nafasi inaweza kufika saa nne, na wiki ya tatu, tano.

Mpime kila siku saa ileile, uandike. Aongezeke gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asipoongezeka siku moja, kagua maziwa na joto. Akipungua, usisubiri kesho.

Dhana: "Choo kitakuja chenyewe."

Hakiji. Kabla ya wiki ya tatu hawezi kukojoa wala kupata choo bila kulambwa na mama. Kazi hiyo ni yako kila baada ya mlo: lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, mpapase taratibu sehemu za haja hadi mkojo uishe. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Ukikolea, hapati maji ya kutosha. Choo cha manjano kilicho laini ni sawa. Cha majimaji au cha kijivu si sawa. Mkaushe vizuri, maana ngozi iliyoloa mkojo huchubuka.

Dhana: "Ana viroboto, mpake dawa ya mbwa."

Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, na kwa paka wa umri wowote hiyo ni sumu inayoleta degedege. Mafuta ya taa nayo ni sumu, kwa ngozi na kwa mapafu. Lakini viroboto usiwapuuze: kwa kiumbe mdogo hivi wanaweza kunyonya damu hadi fizi ziwe nyeupe. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, ukiwatumbukiza viroboto kwenye maji ya sabuni, na ubadilishe matandiko kila siku. Usimloweshe mwili mzima bila sababu, na ukilazimika, mkaushe papo hapo. Akionekana kuumwa, usimpe parasetamoli. Hata kiasi kidogo huua paka.

Dhana: "Akifumbua macho, mpe ugali na dagaa."

Macho hufumbuka kati ya siku 7 na 14, na wakati huo hana hata jino. Anza kumwachisha karibu na wiki ya nne, anapoanza kutafuna chuchu: chakula laini cha watoto wa paka kikichanganywa na maziwa yake, kwenye kisahani, na chupa iendelee hadi ale mwenyewe vya kutosha. Kuku au samaki wa kuchemshwa bila chumvi wala vitunguu, asiye na miiba, anafaa kama nyongeza. Akila nyama peke yake kwa wiki nyingi mifupa hulegea, kwa kukosa kalisi.

Dawa ya minyoo huanza mapema, wiki ya pili au ya tatu, kwa kipimo cha uzito kutoka kwa daktari, si kwa kukadiria nusu ya kidonge cha watu. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8. Ambaye hakunyonya maziwa ya kwanza ya mama ndani ya saa 16 hivi tangu kuzaliwa hana kinga aliyorithi, kwa hiyo mtenge na paka wengine hadi chanjo zikamilike, osha mikono kabla na baada ya kumshika, na chemsha chuchu na chupa kila siku.