Karata nyingi sio nguvu: uongo mnaoambiana kuhusu Slay the Spire

Mi naendesha sehemu ya gemu, watu wanalipia kwa saa, na tangu niweke Slay the Spire, ile gemu ya kupanda mnara ukipigana na maadui kwa deki yaani fungu lako la karata, kwenye mashine zangu maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "kaka deki yangu imeshafika karata 40, hapa hamna wa kunigusa." Muda si mrefu kafa, kaanza kuitukana kompyuta. Nimechoka kusimama nyuma ya kiti cha mtu narudia mambo yaleyale, so naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia asome.

Tuanze na hilo la karata nyingi maana ndo linaloniua.

Kila zamu unavuta karata 5 na unapewa enaji 3 za kulipia karata unazocheza. Uwe na deki ya karata 10, uwe na ya 40, ni 5 na 3 tu mpaka upate hirizi au karata ya kukuongezea. Mchukue Ironclad, mmoja wa wahusika unaowachezea, anavyoanza, ana Strike 5 za kupiga, Defend 4 za kujikinga na Bash 1 ya kupiga na kumlegeza adui, jumla 10, yaani kila zamu 2 umeshaiona deki yote, Bash haina pa kujificha. Sasa jaza jaza mpaka zifike 30. Kuizunguka deki nzima hapo ni zamu 6, na mapambano mengi ya kawaida kule chini yanaisha kabla hujafika huko, kwahiyo ile karata uliyoipigia kelele mpaka jirani yako akavua hedifoni inaweza ikalala chini ya fungu tangu pambano linaanza mpaka linaisha na hujaiona hata kwa macho.

Ndo maana nasema ukichukua karata hujaongeza kitu, umebadilisha. Ikija hiyo mkononi kuna nyingine haikuja. Usijiulize kama karata ni nzuri, ukiisoma peke yake karibu kila karata ni nzuri, wale jamaa hawakutengeneza takataka. Jiulize inazishinda ulizonazo? Na inamaliza tatizo gani lililoko mbele yangu? Bosi wa ngazi unayopanda anaonyeshwa juu ya ramani tangu unaanza, picha yake iko pale kabisa, na bado watu wanafika kwake wanashtuka utadhani wamevamiwa usiku.

Halafu wapenzi wa rangi ya dhahabu. Mtu akiona karata ina utepe wa dhahabu yaani rea, ile adimu, mkono unatetemeka, hasomi hata inagharimu nini. Kuna kijana hapa alikuwa na Demon Form, Barricade na Bludgeon kwenye deki moja, anatuita tuje kuona. Zote tatu rea, zote tatu zinakula enaji 3, na enaji yako ya zamu nzima ni 3! Zikamjia mkono mmoja. Akacheza Demon Form, zile mbili akaziangalia zinaenda kwenye fungu la zilizotumika, pembeni kulikuwa na Defend mbili zinamwangalia na hana enaji ya kuzicheza, akala kipigo chote na damu yake. Huyohuyo nilimwona sakafu chache nyuma anaipita Shrug It Off kwa sababu ni ya kijivu, yaani ya kawaida. Enaji 1, bloku 8 yaani kinga ya kuzuia mapigo, na inakuvutia karata nyingine juu, yaani inakukinga halafu inajilipia nafasi yake yenyewe. Mi nikicheza Ironclad hiyo naichukua karibu kila nikiiona, na Pommel Strike hivohivo, demeji 9 na karata moja ya ziada kwa enaji 1. Za kijivu zote mbili. Rea zina kazi yake sikatai, Demon Form kwa bosi wa mapambano marefu inakubeba, ila deki haiwezi kuwa ya mabosi watupu bila wafanyakazi.

Ukishapewa karata tatu uchague, kuna kitufe cha kuruka. Kipo. Kibonyeze. Hakikukati dhahabu, hakikupunguzii chochote, na nashangaa watu wanavyokiogopa.

Na dukani. Unaingia na dhahabu yako unaenda kununua karata ya nne ya aina ileile wakati pale pembeni kuna huduma ya kuondoa karata, ya kwanza dhahabu 75, kila ukiondoa inapanda 25. Ushauri wangu ambao wateja wameshaukariri mpaka wanauimba kwa kunikejeli: duka la kwanza, toa Strike. Strike inapiga 6, ngazi ya pili huko 6 ni nini, inakalia tu kiti cha karata ya maana. Ukiitoa, deki nzima imepata nguvu na hujajifunza karata yoyote mpya.

Sasa kuna waliolisikia hili nusu wakakimbia nalo. Kijana kakataa kila karata ngazi nzima ya kwanza, "bro si ulisema deki ndogo." Nilisema isijae uchafu, sikusema ufunge kwa karata! Deki ya kuanzia kwa enaji 3 inapiga Strike tatu, demeji 18 kwa zamu, ukiweka Bash inasogea kidogo kwa sababu ya Vulnerable, ile hali ya adui kuumia zaidi akipigwa. Hexaghost, mmoja wa mabosi wa ngazi ya kwanza, ana damu 250. Piga hesabu mwenyewe, ni zamu 14 bila kujikinga hata mara moja na yeye hajakaa anakusubiri. Ngazi ya kwanza unahitaji karata za kuumiza, tena mapema, zichukue bila aibu, hata kama huko juu utakuja kuziona za kawaida. Kubagua sana kunaanza ukishakuwa na kitu cha kulinda.

Hilo nimelimaliza. Mengine nayapitia haraka.

"Kompyuta inaniibia." Hapana mzee, unaibiwa na usahaulifu. Karata ikishatumika inaenda kwenye fungu la zilizotumika na hairudi mpaka fungu la kuvuta liishe zichangwe upya. Kwahiyo kama kwenye deki ya 10 zamu ya kwanza umepata Strike nne na Defend moja, zamu ya pili Bash inakuja, hiyo sio bahati ni lazima. Na unaweza kulifungua fungu la kuvuta ukaona zilizobaki, mpangilio tu ndo unafichwa. Wazee wanaocheza karata barazani wanakumbuka zote zilizotoka bila kufungua chochote, wewe umepewa kitufe na hukigusi. Hata hizo rea, kila unapoonyeshwa karata ya kijivu nafasi ya rea kuja inapanda kidogo mpaka itoke, halafu inarudi chini. Na ule ujanja wa kutoka kwenye gemu katikati ya pambano ukirudi upate mkono mwingine hausaidii, ukirudi unakuta mkono wa kuanzia ni uleule. Bahati ipo ndio, lakini kuna watu wanashinda mfululizo wakiwa Ascension 20, yaani kiwango cha ugumu cha juu kuliko vyote, hao wote bahati imewapenda wao tu?

"Ukijikinga kila zamu uko salama." Mwulize Gremlin Nob. Huyu ni eliti, yaani adui mkali kuliko wa kawaida, wa ngazi ya kwanza, damu yake inaanzia 82, zamu ya kwanza ananguruma tu, baada ya hapo kila ukicheza karata aina ya Skill anaongezeka nguvu 2. Na Defend ni Skill. Anataka kukupiga 14, wewe ukaweka Defend mbili, una bloku 10 lakini yeye sasa anapiga 18, umekula 8 na ukajiona mjanja. Shida ni kwamba ile nguvu 4 haitoki, pigo linalofuata nalo limebeba 4, na la baada yake, na ukijikinga tena inapanda tena. Kwa huyo unapiga tu, unakubali kuumia, unamaliza mapema. Wengine ni tofauti kabisa, ila juu ya kichwa cha kila adui kuna alama inayokuonyesha anakusudia nini, kama ni kupiga namba iko pale. Akikusudia kujikinga au kujiongezea nguvu na wewe ukaweka Defend umechoma enaji bure, maana bloku ikifika zamu yako inayofuata imefutwa. Soma namba, ndo uamue.

Sehemu ya moto wa kupumzika napo kuna ubishi. Watu wakiona damu imepungua hata kidogo wanalala. Kulala kunarudisha asilimia 30 ya damu yako kamili, kwa Ironclad mwenye 80 hiyo ni 24. Palepale unaweza kuchagua kuboresha karata badala ya kulala, na hiyo ni faida ya kila pambano mpaka mwisho, Bash inatoka demeji 8 kwenda 10 na Vulnerable zamu 2 kwenda 3. Kama una damu 60 na unaenda kulala unafanya nini kweli? Ukiwa huna Ascension, ukimuua bosi damu inajazwa yote unapoingia ngazi mpya, iliyokubakia haina kazi tena. Na Hexaghost huyo huyo, shambulio lake la kwanza linahesabu damu ULIYONAYO, anagawa kwa 12, mabaki anayaacha, anaongeza 1 halafu anapiga mara 6. Ukiwa na 80 anakupiga 42. Ukiwa na 40 anakupiga 24. Sijasema uende kwake unachechemea, mapigo yanayofuata hayana huruma hiyo, ila yule aliyeacha kuboresha karata ili afike na 80 kamili kalipia kitu ambacho nusu yake inachukuliwa palepale.

Hii ya kununua karata kwa hela halisi inatoka kwa wazazi zaidi, mama kaja juu kwamba nafundisha watoto kamari. Mama, jina karata linakutisha bure. Mega Crit wa Seattle waliitoa gemu kamili Januari 2019, unainunua mara moja imeisha, hamna pakiti za kufungua wala sarafu za kununua ndani, karata zinazofunguka zinafunguka kwa kucheza. Toleo la Android lipo tangu 2021. Na haili bando, ukishaipakua unaweza kuzima intaneti ukapanda mnara mpaka betri ife.

La mwisho ni la dawa, zile chupa za kutumia mara moja kwenye pambano. "Naitunzia bosi." Unaanza na nafasi 3 za chupa, zikijaa na adui akadondosha nyingine hauna pa kuiweka mpaka umwage moja, na chupa zinadondoka mara kwa mara, nafasi inaanzia asilimia 40 kwa pambano. Nishaona mtu kafa kwa Gremlin Nob na chupa tatu zimejaa pale juu, moja ni Fire Potion ya demeji 20, na Nob amebakiza damu 11. Dawa sio Skill jamani, Nob haongezeki nguvu ukiirusha.