Naiti, jeni za saa ya mwili na saratani ya matiti

Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya wiki yangu inaishia kwenye matiti: kupapasa uvimbe, kuchukua kinyama, kusubiri majibu ya patholojia, kukaa na mama na ndugu zake kuwaeleza kinachofuata. Katika wote wanaokaa mbele ya meza yangu, wauguzi ndio wenye swali linalonishughulisha zaidi. "Dokta, hivi ni kweli hizi naiti zinaleta kansa ya matiti?" Mkunga mmoja wa leba, mtu mzima ninayemwita Mama, alikuja na rota yake kabisa. Aliikunjua mezani: herufi N, yaani naiti, zamu ya usiku, saba mfululizo mbele ya jina lake, ofu mbili, mchana kidogo, kisha N tena. Miaka mingi ya utumishi wake imekwenda hivyo.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: ipo sababu ya kweli ya kuzichunga zamu za usiku za miaka mingi, hakuna sababu ya muuguzi hata mmoja kujilaumu, na wa kwanza kuwajibika ni anayepanga rota. Jibu refu linaanzia ndani ya seli.

Seli za ini lako, za ngozi, za titi, zote zina saa yake, na saa hiyo imeundwa kwa jeni. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, hushikana na kukaa juu ya DNA, zikaziamsha jeni za kundi la PER na la CRY. Jeni hizo zikiamka hutengeneza protini zake polepole, saa baada ya saa. Protini zikishakuwa nyingi hurudi kwenye kiini cha seli na kuzizuia CLOCK na BMAL1, zilezile zilizoamsha kazi yote. Ni kama boya la tangi: maji yakijaa, boya linapanda na kufunga bomba. Baadaye PER na CRY huvunjwa, kizuizi kinaondoka, mzunguko unaanza upya. Mzunguko mzima huchukua takriban saa 24, na huendelea hata ukimfungia mtu kwenye chumba kisicho na dirisha.

Elimu hii tumeipata kwa nzi wadogo wa matunda. Mwaka 1971, huko California, Ronald Konopka na Seymour Benzer waligundua nzi waliovurugikiwa na mpangilio wa usiku na mchana kwa hitilafu ya jeni moja tu. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliipata jeni hiyo mwaka 1984, wakafumbua namna inavyofanya kazi, na mwaka 2017 wakatunukiwa Nobeli. Jeni zetu za PER ni ndugu wa jeni ile ya nzi.

Saa zote hizi zina mkubwa wao: kifungu cha seli takriban 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Mkubwa huyu hupewa taarifa moja kwa moja na seli za nyuma ya jicho zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga. Seli hizo kazi yake kubwa ni kupima kama kuna mwanga, na mwanga wa buluu ndio unaoziamsha zaidi. Giza likitanda, ubongo huruhusu homoni ya melatonini imwagike kwenye damu, na kwa watu wengi kilele chake ni kati ya saa nane na saa kumi usiku. Ukikaa chini ya taa kali saa hizo, melatonini inashuka.

Saa ya mwili inafuata jua, haijali saa ya ukutani. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua letu huchomoza takriban dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, lakini ripoti ya asubuhi wodini inaanza saa ileile. Pengo hilo la dakika ni la mtu wa zamu ya mchana. Wa usiku tofauti yake inafika nusu nzima ya mzunguko.

Kukesha nako kuna namna yake. Nenda Kibirizi au Katonga, mialo yetu ya Ziwa Tanganyika, usiku wa giza, wakati wavuvi wako ziwani na taa zao wakiwavuta dagaa. Akina mama wanaosubiri mzigo wamejikunyata na kanga zao mwaloni, wengine wanasinzia, tochi inawashwa na kuzimwa. Mbalamwezi ikishamiri, uvuvi unapungua na wao wanalala nyumbani. Hata mwezi mpevu mwanga wake haufiki luksi moja, kipimo cha mwanga. Mkunga wa leba anasimama chini ya taa za tyubu zenye luksi makumi hadi mamia, mwezi uwepo usiwepo, na macho yake yako wazi saa tisa usiku kwa sababu kuna mtoto anatoka. Tafiti nitakazozitaja ziliwahusu zaidi watu wa aina yake, kwa hiyo takwimu zake nisingezibeba nikazitua mwaloni.

Titi linaingiaje hapa? Saratani nyingi za matiti hulishwa na estrojeni, homoni ya kike, na katika maabara melatonini imeonekana kupunguza nguvu ya estrojeni kwenye seli hizo. Mwaka 2005 David Blask na wenzake Marekani walichukua damu ya wanawake mchana, usiku gizani, na usiku baada ya kuwekwa kwenye mwanga mkali, wakaipitisha kwenye uvimbe wa saratani ya matiti ya binadamu uliooteshwa kwa panya. Damu ya gizani, yenye melatonini tele, ilipunguza kasi ya uvimbe. Damu ya mchana na ile ya baada ya mwanga hazikufua dafu. Kila nikilieleza jaribio hili kwa wauguzi, chumba kinanyamaza, kwa sababu wanaielewa mirija na damu kuliko wanavyoelewa majedwali.

Njia ya pili ni saa yenyewe. Jeni za saa hushiriki kupanga lini seli igawanyike na lini irekebishe DNA iliyoharibika. Panya walioharibiwa jeni ya Per2, katika utafiti wa mwaka 2002, walipata saratani kwa wingi zaidi baada ya kupigwa mionzi. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walichukua panya wenye mwelekeo wa kurithi wa saratani ya matiti, wakawa wanawageuzia usiku kuwa mchana kila wiki; uvimbe ulijitokeza takriban wiki 8 mapema.

Kwa binadamu, ushahidi unavutana. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha kwamba waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 30 au zaidi hatari yao ilizidi kwa asilimia 36. Asilimia hiyo inatisha ukiisikia peke yake. Chukua mfano wa wanawake 1,000 ambao 10 kati yao wangeugua kwa kipindi fulani: ongezeko hilo lingewafikisha 13 au 14. Halafu mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walijumlisha tafiti 10 zenye wanawake wapatao milioni 1.4, hawakuona ongezeko lolote. Ila wengi wa wanawake wa Uingereza waliokuwemo walikuwa watu wazima walioacha naiti siku nyingi, wakati uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2018 ulikuta hatari ikizidi zaidi kwa wanawake ambao hedhi haijakoma, hasa wenye naiti nyingi kwa wiki na kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuangalia: muuguzi kijana, naiti mfululizo, miaka inayorundikana.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la 2A mwaka 2007, na mwaka 2019 likathibitisha tena kwa zamu za usiku. Maana yake ni "huenda inasababisha saratani". Nyama nyekundu imo kundi hilohilo. Makundi haya yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, na hapo ndipo ujumbe mwingi wa WhatsApp unapopotosha watu.

Sasa kuhusu kurithi. Kuna dada aliniuliza kama anaweza kupima jeni za saa ili ajue kama naiti zinamfaa. Hapana. Tofauti ndogo za kurithi katika jeni kama PER3 na NPAS2 zimehusishwa na saratani ya matiti katika tafiti kadhaa, lakini athari zake ni ndogo na matokeo hayarudii vilevile. Huwezi kuzilinganisha na BRCA1, jeni inayosaidia kurekebisha DNA, ambayo ikiharibika, takriban wanawake 7 kati ya 10 wenye hitilafu hiyo wataugua wakifikia miaka 80. Ukiwa na mama, dada au shangazi aliyeugua matiti akiwa kijana, niambie hilo kwanza. Lina uzito kuliko rota yako.

Rota nayo ina tiba yake. Wataalamu wa afya kazini waliokusanya ushahidi mwaka 2020 walipendekeza naiti zisizidi 3 mfululizo, zamu isizidi saa 9, na kati ya zamu na zamu zipite saa 11 au zaidi. Naiti saba mfululizo haina utetezi wa kisayansi, hata kama watumishi ni wachache. Kwa wachache haohao, naiti zinaweza kugawanywa tatu tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na inakataza mjamzito kupangiwa usiku katika miezi miwili ya mwisho. Matroni wengi ninaowafahamu hukubali hoja wakiletewa karatasi yenye vifungu.

Nyumbani, usingizi wa mchana ndio mtihani. Muuguzi anashuka zamu, anapitia soko la Mwanga, anapika, anafua, na saa tano bati limeshapata moto. Kanga mbili nzito dirishani, simu kwa jirani, na mume anayewachukua watoto hadi saa nane: hivyo vinasaidia kuliko kidonge chochote. Waume, hapo nasema nanyi.

Na uvimbe ukiuona, usipoteze muda kutafuta umetokana na naiti ipi. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na wanawake wengi hunifikia umeshapasua ngozi, wakati safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, imeshakuwa ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni. Kinyama kwa sindano ni kazi ya dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Usisubiri ofu ndiyo uje.