Jengo Linalolindwa Ayalandi Hulindwa Hadi Ndani

Malalamiko ya wamiliki wa nyumba kubwa za mashambani, zile ambazo makabaila wa Ayalandi walizijenga kati ya 1714 na 1830, yamekuwa mengi, na sehemu kubwa inatokana na dhana kwamba sheria hulinda sura ya mbele tu. Dhana hiyo si sahihi. Kwa Sheria ya Mipango na Maendeleo ya mwaka 2000, jengo lililoingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa ya halmashauri ya eneo hulindwa pamoja na ndani yake, kiwanja chake, mazizi ya farasi na majengo mengine yaliyomo kiwanjani humo. Pale Castletown, nyumba aliyoianza William Conolly, Spika wa Bunge la Ayalandi, mwaka 1722, nakshi za lipu za fundi Filippo Lafranchini katika ukumbi wa ngazi zimelindwa sawasawa na kuta za nje.

Mmiliki au mkaaji mwenye shaka aiandikie halmashauri kuomba tamko la kueleza ni kazi zipi zitagusa hadhi ya jengo, na hivyo zinahitaji kibali, na zipi hazitaigusa. Kwa kawaida tamko hutolewa ndani ya wiki 12 tangu ombi lilipopokelewa. Tamko si kibali, na tunalazimika kulirudia hili kila wiki. Aidha, jengo likiachwa hadi likawa hatarini, halmashauri inaweza kutoa notisi ya kulikarabati, ikimpa mhusika muda usiopungua wiki 8. Anayeliharibu bila idhini, akitiwa hatiani katika mahakama iliyo juu ya ile ya wilaya, anaweza kutozwa faini inayokaribia euro milioni 12.7, au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Sheria ya 2024 inachukua nafasi ya ile ya 2000 kwa awamu, kwa hiyo ulizieni kifungu kinachotumika siku mnayoomba.

Wapo wanaodai kwamba serikali hukataza tu bila kusaidia. Nyumba iliyothibitishwa kuwa na umuhimu, na inayofunguliwa kwa umma angalau siku 60 kwa mwaka, 40 kati yake zikiwa kati ya Mei na Septemba, inaweza kumpatia mwenyewe nafuu ya kodi kwa gharama za ukarabati.

Ukuta ukilowa, tafadhali msikimbilie saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, ambayo huacha unyevu utoke, ilhali saruji huufungia ndani. Anzeni kwa kuzibua mifereji ya paa.